Filamu ya Tisa Katika Nchi ya Ufuatano

Sitawachosha kwa habari za njia. Wasafiri wengi huanza na mawimbi, vumbi na kuumwa tumbo, na msomaji akifika kwenye nchi yenyewe amekwisha kuchoka kuliko wao. Mimi naanzia mpakani, kwa sababu hapo ndipo nilipoulizwa swali ambalo sijawahi kuulizwa mahali pengine, nami nimepita mipaka mingi.

Ofisa hakutaka pasipoti. Hakutaka kujua nimebeba nini wala nimechanjwa nini. Alifungua daftari pana kama sinia, akachovya kalamu, akaniuliza, "Bwana, ulianza na ipi?"

"Ipi nini?"

"Filamu ya Mbeba Kengele. Ulianza na ipi?"

Hapa lazima nieleze, kwa faida ya wale ambao utoto wao ulipita bila katuni. Mbeba Kengele ni kijana aliyechorwa katika visiwa vya mbali miaka sitini na miwili iliyopita. Alipewa umri wa miaka kumi na minne, na mpaka leo hajatimiza kumi na mitano. Mgongoni amebeba kengele ya shaba, anatafuta mnara ilikoanguka. Kila mji anaoufikia una mnara, na kila mnara si wenyewe. Ziko sehemu elfu moja na kitu za televisheni, na juu ya hizo filamu ishirini na nane ndefu za ukumbini. Wachoraji wake sidhani kama wanajua, lakini iko nchi nzima iliyosimama juu ya swali moja tu, kwamba filamu hizo zitazamwe kwa mpangilio gani. Nchi hiyo inaitwa Ufuatano.

Nilimjibu ofisa kweli tupu. Nilikulia Korogwe, na karibu na kwetu palikuwa na kibanda cha video cha Mzee Chambuso: mabenchi sita, bati juu, khanga mbili dirishani za kuzuia mwanga. Alikuwa na kanda moja ya Mbeba Kengele, na robo saa yake ya mwanzo ilikuwa imefutika kwa kurekodiwa harusi ya mpwa wake. Kwa hiyo kwetu sisi filamu ilianza na bibi harusi akikata keki na wajomba wakitunza, kisha ghafla kijana yuko ukingoni mwa jabali na kengele mgongoni. Hatukuona kasoro. Tuliamini bibi harusi ni dada yake, na kwamba kijana ameondoka nyumbani kwa uchungu wa kutoalikwa. Tuliitazama hata mara thelathini, na hadi leo nikisikia tarumbeta za harusi namwonea huruma yule mtoto.

Ofisa aliweka kalamu chini, akapekua kitabu kinene kilichokuwa ubavuni mwake. "Harusi haimo katika filamu yoyote," alisema polepole, akitafuta maneno ya kunipunguzia uchungu. "Jabali liko katika ya tatu. Yaani ulianza na ya tatu, tena katikati."

"Nilikuwa na miaka minane."

"Pole sana, bwana. Kwenu hakukuwa na watu wazima?"

Aliniandikia Cheti cha Kusahau. Nilitia sahihi kwamba nimesahau yote niliyoyaona kibandani, na kwamba kuanzia saa hiyo mimi ni mtu ambaye hajatazama kitu. Akanigongea muhuri, akanikaribisha kwa adabu. Nimewahi kutia sahihi karatasi nyingi nisizozisoma. Hii niliisoma, nikatia hivyohivyo, na nikaingia mjini nikijiona nimemsaliti Mzee Chambuso.

Mji mkuu ni safi na watu wake ni wapole. Kila raia ana kitabu cha utazamaji, anachopewa siku ya kuzaliwa. Anayetaka kutazama filamu husoma kwanza juzuu linalohusika la Mwongozo, huhudhuria maandalizi miezi minne, hufanya mtihani, na akifaulu hugongewa muhuri na kungoja zamu. Filamu zote ishirini na nane ukizitazama mfululizo zinakwisha kwa siku mbili. Mwongozo wa kuzitazama una juzuu kumi na moja, na hutolewa masahihisho kila mwaka, kwa hiyo anayeumaliza huwa amekwisha kupitwa na wakati.

Jumamosi alasiri nilikwenda Ukumbi Mkuu. Ndani, kwenye viti mia nne, walikuwamo watu sita wenye muhuri. Nje, foleni ya wanaosubiri masahihisho ya Mwongozo ilizunguka jengo mara mbili. Niliuliza wanane katika foleni wamefika filamu ya ngapi. Watano walikuwa bado hawajatazama hata moja, na walisema hivyo bila aibu, kama mtu anavyosema bado hajaenda Hija.

Kuna vyama viwili. Chama cha Kutoka kinashika kwamba filamu zitazamwe kama zilivyotoka, ya kwanza kwanza. Chama cha Kutukia kinashika kwamba zitazamwe kama mambo yalivyotukia katika maisha ya Mbeba Kengele, na kwa hesabu yao filamu ya ishirini na mbili, inayoonyesha utoto wake, ndiyo ya mwanzo. Vyama hivi vina magazeti yao, timu zao za mpira na mikahawa yao. Posa ikipelekwa, swali la kwanza kwa mshenga ni watoto wataanza na ipi. Liko pia kundi dogo linalosema anza popote, utafika tu. Hao huitwa Waparamiaji. Hawana chama, maana kila wakikutana hushindwa kukubaliana mkutano uanze na ajenda gani.

Tena filamu hazihesabiki zote. Ishirini na tatu zinahesabika, yaani mambo yake yalitokea kweli katika maisha ya Mbeba Kengele. Nne ziko chini ya uchunguzi. Moja, ya tisa, iliamuliwa haikutokea. Katika filamu hiyo Mbeba Kengele analala nyumba ya seremala mmoja msimu mzima wa mvua, na wakokotoaji wa Chama cha Kutukia waligundua kwamba msimu huohuo, kwa mujibu wa filamu ya kumi na moja, alikuwa gerezani. Mtu hawezi kuwa gerezani na kwa seremala kwa wakati mmoja. Filamu ikafungiwa stoo, na walioitazama zamani wakapewa mwezi mmoja wa kwenda kuchukua Vyeti vya Kusahau.

Jambo lililonishangaza zaidi si sheria hizo. Ni kwamba watu wa Ufuatano wanaililia zamani. Nenda mkahawa wowote, wa chama chochote, kaa na watu wa miaka hamsini kwenda juu, na kabla kahawa haijapoa mmoja atasema, "Zamani ukumbi ulijaa."  Wenzake wataanza kukumbushana: watoto wamepakatwa, mabibi wamekuja na karanga, mtu amechelewa anauliza kimefika wapi na watu kumi wanamjibu pamoja, kila mmoja lake. Hakuna aliyejua ipi ni ya ngapi. Wanasimulia haya macho yamewalowa, na ni walewale waliopiga kura kuyakomesha.

Nilipanga chumba kwa Bi Sikudhani, mama wa miaka hamsini na minane, mshona mito ya viti vya Ukumbi Mkuu. Kwa miaka thelathini alikuwa amekaa na cherehani yake kwenye varanda ya ukumbi, hatua tano kutoka mlangoni, akizisikia filamu zote na kuziona sita tu, kwa kuwa muhuri wake uliishia kwenye ya sita. Alikuwa mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kununa, na mimi nilimpenda siku ile ya kwanza aliponiuliza nimesahau nini mpakani.

"Nimesahau harusi, mama," nilimwambia, nikamsimulia kanda ya Mzee Chambuso yote.

Alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. "Basi hiyo ndiyo nzuri kuliko zote ishirini na nane," alisema. "Ila usimwambie mtu. Hapa utapewa cheti cha pili."

Jioni moja, tukimenya mihogo, alinieleza shida yake. Alikuwa na presha ya macho. La kushoto lilikuwa limekwisha kuzimika, na la kulia daktari alilipa mpaka mvua ziishe, lisipite hapo. Kabla halijazimika alitaka kuona kitu kimoja. Alitaka kuona mwisho wa filamu ya tisa.

"Niliitazama nina miaka sita," alisema. "Baba alikuwa fundi wa kupaka chokaa. Alitoka kazini akatupitia, mimi na dada yangu Mtumwa, akatupeleka hata hajaoga. Yule seremala kwenye filamu ana binti, rika langu. Mbeba Kengele anakaa nao mvua nzima, anamfundisha yule binti kupiga miluzi. Nikawa ni mimi, unajua watoto. Mwisho mvua zinakatika, anavaa kengele yake, anaondoka. Sikuweza. Nikaficha uso kwenye shati la baba, chokaa ikaniingia puani. Nikamuuliza, ameondoka? Baba akaniambia, amegeuka, mama. Amegeuka, amekupungia mkono."

Aliendelea kumenya kidogo.

"Njiani kurudi dada akaninong'oneza kwamba hakugeuka. Kwamba baba amenihurumia tu. Tumegombana kwa hilo, mimi na dada, mpaka anaingia kaburini. Ukimuuliza baba alikuwa akisema, si nimekwambia? Hayo tu. Nilipokua nikasema nitakwenda kuitazama nimalize ubishi. Wakaifungia kabla muhuri wangu haujaifikia. Kwa hiyo miaka hamsini na miwili nina maneno ya watu wawili, wote marehemu, na mmoja wao ananidanganya. Nataka kuona kwa jicho langu mwongo alikuwa nani."

Nilimwambia kwetu wanasema mwenye macho haambiwi tazama.

"Kwetu mwenye macho anaambiwa subiri," alinijibu.

Ombi lake lilifika mbele ya Baraza la Utaratibu wiki ya kwanza ya mvua. Nilimsindikiza. Wajumbe ni ishirini na wanne, kumi na wawili kila chama, na anayeendesha mambo hasa ni Msimamizi wa Utaratibu, Bwana Ngwali, mtu mwembamba wa makamo ambaye sikuwahi kumwona ameegemea kitu. Sifa yake ilimtangulia. Aliwahi kumfelisha mwalimu mmoja mstaafu mara tatu kwa kukosea rangi ya kamba za viatu vya Mbeba Kengele.

Siku ya kwanza ilijadiliwa kama Bi Sikudhani ana ombi. Filamu ya tisa haikutokea, alisema mjumbe mmoja. Basi mwombaji hakuitazama. Basi hana anachokumbuka. Basi anaomba nini? Hoja ilipokewa kwa kugonga meza. Siku ya pili Chama cha Kutukia kilisema filamu isiyotukia haina mahali katika mpangilio, na kitu kisicho na mahali hakiwezi kutazamwa. Chama cha Kutoka kikajibu kwamba mahali pake panajulikana, ni pa tisa, na mwombaji yuko pa sita. Afanye maandalizi ya ya saba na ya nane, miezi minne kwa minne, halafu arudi.

"Waheshimiwa," alisema Bi Sikudhani, "jicho langu halina miezi minane."

Mjumbe mmoja mwenye nia njema alipendekeza daktari aandikiwe barua rasmi, aombwe kusogeza mbele. Pendekezo hilo lilichukua siku tatu, na likapita.

Wiki ya tatu niliomba ruhusa ya kusema, nikapewa kama mgeni. Sikusema vizuri, maana nilikuwa nimekasirika. Niliwaambia mama huyu haombi shamba wala cheo, anaomba saa moja na nusu na mtu wa kuzima taa. Niliwauliza ni nani kati yao aliyeitazama filamu yenyewe, anyooshe mkono. Hakuna mkono ulionyooshwa. Nikawauliza ni nani ametazama zote ishirini na tatu zinazohesabika. Wajumbe waliangalia meza. Ndipo nilipofahamu kwamba watu hawa walikuwa na shughuli nyingi mno za kupanga filamu hata hawakupata nafasi ya kuzitazama.

Bwana Ngwali alisimama. Nilitegemea anitoe nje.

"Bwana mgeni," alisema, "unatuona hatuna huruma. Nikuambie ilivyokuwa. Zamani kila mtu alitazama alichokipata. Baba yangu alikuwa akiisubiri filamu ya kumi na tano mwaka mzima. Mdogo wake, aliyekwisha kuiona, akamwambia mwisho wake mezani, kwa utani. Hawakusemezana miaka kumi na tisa. Mmoja alikufa hivyohivyo, mwenziwe hakwenda kuzika. Na hatukuwa nyumba peke yetu. Utaratibu huu haukuletwa na wapenda mihuri. Uliletwa na watoto wa watu waliogombana."

Alikaa.  Niliingia barazani nikidhani naona wapumbavu, kumbe nilikuwa naona watu waliojijengea ukuta kwa hofu ya kuumizana tena, na ukuta ukawa mrefu mpaka ukawanyima jua.

Uamuzi ulitoka wiki ya saba, na ni uamuzi ambao wanasheria wa huko wanaujivunia. Baraza lilisema: kwa kuwa filamu ya tisa haikutokea, kuitazama ni sawa na kukaa gizani saa moja na nusu, na hakuna sheria inayokataza raia kukaa gizani. Mwombaji amekubaliwa. Ila Baraza zima lihudhurie, lithibitishe kwamba hakuna kilichotokea.

Mvua zilikuwa zimekwisha siku tisa kabla.

Niliijua hali yake kwa sababu ya mto. Alikuwa amenipa mto wa kiti alioutia kiraka, akaniuliza kama rangi zimeoana. "Mto ni mwekundu, mama," nilimwambia. "Kiraka ni cha buluu." Aliuchukua, akaanza kufumua uzi kwa ncha ya kidole, taratibu, uso ameuelekeza dirishani palipokuwa na mwanga. Alisema mwanga bado anauona, kama mtu aliyejifunika shuka. Zaidi ya mwanga hakuna.

"Tukawaambie waache?" nilimuuliza.

"Waache kwa nini? Nimewasumbua wiki saba." Alivuta uzi. "Utakaa na mimi. Ikifika mwisho nitakuuliza, nawe utanijibu. Baba alikuwa baba yangu, na dada alikuwa na wivu. Wewe ni mpita njia, na kiraka umeniambia ni buluu. Sina mwingine wa kumwamini."

Usiku ule sikulala vizuri, sikatai.

Filamu ilionyeshwa Jumatano saa nne asubuhi. Tulikaa safu ya tano, mimi kushoto kwake. Wajumbe ishirini na wanne walikaa nyuma yetu na madaftari mapajani, tayari kuandika kwamba hakuna kitu. Bwana Ngwali alikaa safu ya sita, nyuma yetu kabisa, na juzuu la nne la Mwongozo. Taa zikazimwa.

Mikwaruzo ilikuwa mingi na sauti ilikuja ikipotea. Lakini wachoraji wale walijua kuchora mvua. Ilianza na tone moja juu ya kengele, na kengele ikaitikia kidogo, na Bi Sikudhani akanishika mkono. Aliijua filamu yote kwa masikio, tangu ilipokuwa ikionyeshwa naye yuko varandani, kabla haijafungiwa. "Sasa anabisha hodi," alisema, na kijana akabisha. "Sasa binti anamletea uji." Alinisimulia mbele kidogo ya picha, kwa sauti isiyo ya chini sana, na hakuna aliyemnyamazisha. Nyuma nilisikia kalamu zikikwaruza. Mwongozo ulisema shali ya binti ni ya kijani. Ilikuwa ya manjano. Nikamsikia Bwana Ngwali akifungua ukurasa, akiandika sahihisho. Baada ya muda nikasikia akiandika jingine. Halafu sikusikia tena kalamu yake, wala za wengine.

Katikati, seremala anapokalia kiti alichokitengeneza mwenyewe na kikavunjika, mjumbe mmoja alicheka. Alistuka kwa kicheko chake. Safari ya pili walicheka wote. Mtu aliyekuwa msalani alirudi akauliza kimefika wapi, na nusu ya Baraza la Utaratibu ikamjibu pamoja, kila mmoja lake. Nilihisi mkono wa Bi Sikudhani ukitulia juu ya wangu. Mimi nilikuwa Korogwe, benchi la tatu, nanusa jasho la marafiki zangu na karanga za kukaanga, na sikujali cheti nilichotia sahihi.

Kisha mvua ikakatika. Kijana akaikung'uta kengele, akaifunga mgongoni. Akamshukuru seremala. Binti hakutoka ndani. Kilisikika kiluzi chake tu, kikikosea. Njia ilikuwa nyeupe, inapanda kilima. Kijana akaanza kwenda.

"Anaondoka," alisema Bi Sikudhani. Alikuwa ameinua uso wote kwenye kitambaa cha picha, macho wazi, safari hii hakuyafumba. "Mgeni wangu. Amegeuka?"

Kijana alikuwa anapanda. Kengele iliyumba mgongoni kwake. Nilimwangalia kama nisivyowahi kumwangalia mtu, nikimsihi. Alifika kileleni, akawa mdogo, akawa doa, akateremka upande wa pili. Njia ikabaki tupu. Hakugeuka.

Nilifungua mdomo. Kweli ilikuwa mdomoni na haikutoka. Uongo nao ulikuwa mdomoni na haukutoka.

"Amegeuka," ilisema sauti nyuma yetu.

Alikuwa Bwana Ngwali. Alisema haraka, sauti imempanda kidogo, kama mtu anayewahi kitu kisianguke.

"Amegeuka, mama," alirudia. "Amepunga mkono."

"Amepunga," alisema mjumbe wa Chama cha Kutukia.

"Mkono wa kulia," alisema wa Chama cha Kutoka, na hilo, nimeambiwa, ndilo jambo la kwanza vyama hivyo kukubaliana tangu viundwe.

Taa ziliwashwa, Bi Sikudhani bado ameuelekeza uso mbele. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, lakini mdomo wake ulikuwa unacheka. Alinigeukia mimi ambaye sikumjibu.

"Umesikia alivyosema?" aliniuliza. "Hivyohivyo ndivyo alivyosema baba. Haraka hivyohivyo."

Nilimwambia nimesikia.

"Basi dada alikuwa mkweli," alisema. "Maskini, na mimi nilimnunia maisha yote." Akageuza uso, akitafuta upande sauti ile ilikotokea. "Bwana Ngwali, nawe una watoto?"

"Binti mmoja, mama."

"Nilijua."

Niliondoka Ufuatano mwezi uliofuata. Mpakani ofisa alinirudishia Cheti cha Kusahau, nikakichana mbele yake, naye akatazama pembeni. Toleo jipya la Mwongozo limenifikia kwa posta mwaka huu, juzuu la nne peke yake. Filamu ya tisa imewekwa miongoni mwa zinazohesabika, bila maelezo ya namna mtu anavyoweza kuwa gerezani na kwa seremala kwa wakati mmoja. Shali ya binti imesahihishwa kuwa ya manjano. Na kuhusu mwisho, kwa mwandiko wa kisheria wa Bwana Ngwali, wameandika kwamba Mbeba Kengele anapofika kileleni hugeuka na kupunga mkono wa kulia, na kwamba mtazamaji ambaye hakuona hivyo arudi aitazame tena, safari hii akiwa na mtu anayempenda.